Bamba Lenye Chunusi

Ukitaka kujua ndoa ya watu ina nguvu gani, usiwatazame arusini wala msibani. Wape kazi moja, kisha jenga ukuta katikati yao. Hapo utayajua yote, hata yale ambayo wenyewe hawajayajua.

Mama Kalibu na mumewe walikuwa na ukuta wa namna hiyo pale kwenye kiwanda cha uchapaji walikofanya kazi. Ulikuwa ukuta wa matofali, mweusi kwa moshi upande wa mume, mweupe kwa vumbi la unga upande wa mke, na katikati yake palikuwa na kidirisha kisicho na kioo, upana wake wa kupitisha sinia. Ng'ambo ya korido ilinguruma mashine ya kuchapa, na msimamizi wake alikuwa mdogo wake mume, shemeji mtu, ambaye mdomo wake ulinguruma kuishinda mashine.

Kwa asiyeijua kazi hii, nimweleze upesi tusije tukachelewa. Mpangaji hupanga herufi za madini ya risasi moja moja mpaka ukurasa utimie. Lakini herufi hizo haziwezi kukaa hapo zikingoja kuchapwa, maana zinatakiwa kwenye ukurasa mwingine. Kwa hiyo Mama Kalibu alichukua karatasi kadhaa zilizoshikanishwa kwa gundi ya unga wa ngano, zingali mbichi, akazilaza juu ya ule ukurasa, halafu akazipiga kwa brashi nzito, pa! pa! pa!, mpaka karatasi ikashika sura ya kila herufi, kama udongo mbichi unavyoshika unyayo. Akaikausha juu ya chuma cha moto. Hiyo ndiyo kalibu. Mumewe aliipokea dirishani, akaifungia ndani ya sanduku la chuma, akamimina risasi iliyoyeyuka, na ikipoa hutoka bamba zima, ukurasa mmoja wa chuma ulio tayari kwenda mashineni.

Kila kalibu ilipopita dirishani, Mama Kalibu alisema, "Usinichomee mwanangu." Na kutoka upande wa moshi sauti ilimjibu, "Mwanao yuko mikononi mwa baba yake." Watoto wao wa kweli walikwisha kukua wakahama, kila mmoja na kwake. Lakini maneno yale yalianza kabla hata hawajaoana, siku zile yeye akiwa msichana mgeni wa kazi, na huyo bwana akiwa mtu mmoja mwenye masizi puani anayejidai hamwoni. Miaka ikaenda, maneno yakabaki. Pale kiwandani watu waliyazoea kama walivyozoea kengele ya chakula cha mchana.

Basi, ikaja kamusi.

Kabla ya hapo walichapa kadi za mialiko, matangazo na kalenda, vitu vya herufi kubwa nene zisizo na aibu. Kamusi hii ilikuwa ya kutia mfukoni, herufi zake kama punje za ufuta, zimesongamana ukurasa mzima bila mahali pa kupumulia. Mwenye kamusi alikuwa mwalimu mstaafu, mama mrefu mwenye miwani ya kamba, aliyesema neno moja tu siku ya kukabidhi kazi: "Naitaka safi." Kisha akaondoka zake.

Bamba la kwanza likatoka na chunusi. Kwa kweli si vipele, ni vishimo, vidogo kama vilivyotobolewa kwa sindano, lakini mafundi wote huviita chunusi kwa sababu bamba likishakuwa navyo linafanana na uso wa kijana aliyeanza kubalehe. Na kishimo kikiipata herufi ya kamusi hii, herufi nzima imemezwa.

Shemeji alikuja na karatasi ya majaribio mkononi, bado wino haujakauka.

"Shemeji," alisema, "tazama. Paka amekatwa mkia, mbuzi hana kichwa, kuku amebaki mguu mmoja. Hii ni kamusi au bucha?"

"Muulize kaka yako," alisema Mama Kalibu, "huyo anayemimina moto kama anamwagilia mchicha."

Sauti ikaja kutoka dirishani. "Mwambie shemeji yako hivi, karatasi zake zinatoka jasho. Risasi ikikuta jasho inachemka, ikichemka inatoboka. Hata mtoto anajua."

"Mimi? Karatasi zangu mimi?"

"Zako. Kwani hapa kuna mwingine anayetengeneza?"

"Moto wako mkali kama ulimi wako!"

"Haya, haya," shemeji alisema, akirudi kinyumenyume kwenye mashine yake. "Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mimi nakwenda kufurahi."

Bamba la pili likawa baya kuliko la kwanza, na la tatu baya kuliko la pili. Ilipofika Jumatatu, mwenye kiwanda akawaita wote wawili koridoni. Alikuwa mtu mwema, muoga wa ugomvi, aliyezoea kupandisha miwani yake kwenye paji la uso kisha akaitafuta mezani.

"Mimi sijui mambo ya moto wala ya gundi," alisema. "Marehemu baba ndiye aliyejua. Ninachojua ni kwamba Ijumaa asubuhi mwenye kamusi anakuja. Asipoona bamba safi, anaichukua kazi yake anaipeleka kwa wale wenzetu wa ng'ambo ya mto. Sasa, kosa liko upande mmoja wa ukuta huu. Upande wenye kosa nitauletea fundi mwingine, na aliyeko atapumzika nyumbani. Nisameheni, sina njia. Mtaniambia wenyewe ni upande gani. Msiponiambia nitaamua mimi, na nyinyi mnajua mimi nikiamua inakuwaje."

Walijua. Mara ya mwisho alipoamua mwenyewe, alinunua mashine ya kukunja karatasi ambayo mpaka leo wanaitumia kuanikia makoti.

Siku ile kalibu zilipita dirishani kimya kimya. Hakuna "usinichomee mwanangu", hakuna "mikononi mwa baba yake". Sinia likasukumwa, sinia likavutwa, basi. Mpangaji wa herufi aliinua kichwa mara mbili tatu kama mtu aliyesikia saa ya ukutani imesimama. Wakati wa kurudi nyumbani mume alipita njia ya sokoni, mke akapita njia ya shule, na wote wawili wakafika mlangoni kwa pamoja, kila mmoja akimpisha mwenzake kwa adabu ya watu wasiojuana.

Nyumbani walikaa na mama mkwe. Bibi huyu macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, lakini masikio, lahaula, yalisikia mpaka unene wa kimya.

"Leo kilichopungua ni chumvi au maneno?" aliuliza walipokaa kula.

"Hakuna kitu, mama," alisema mwanawe.

"Hakuna kitu, mama," alisema mkewe.

"Ehee. Kumbe bado mnaweza kusema kwa pamoja." Bibi akavuta sahani yake. "Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Na mficha uchi hazai. Nimemaliza. Nipeni maji."

Mama Kalibu akampa maji, na usingizi wa siku ile ukawa wa kuibia ibia.

Hebu nikwambie kilichomkosesha usingizi, maana usije ukadhani ni hasira. Hasira ilikuwa ya juu juu tu, kama povu. Chini yake kulikuwa na hofu. Yeye akiachishwa angeishi; alijua kushona, alijua kutengeneza maboksi, alikuwa na ulimi wa kuuza chochote kwa yeyote. Lakini yule bwana! Mikono yake ilijua kitu kimoja tu duniani. Nyumbani hakuweza hata kupigilia msumari bila kuumiza ukuta. Ukimtoa kwenye jiko lake la risasi ukamkalisha barazani, atakufa, si kwa njaa, kwa kukosa la kufanya. Mama Kalibu alimwona tayari amekaa hapo na kikombe kilichopoa, na roho ikamuuma kweli kweli.

Asubuhi ya Jumanne aliwahi kazini. Akachukua kalibu aliyoikausha jana, akaiinua, akaigusisha shavuni. Hivyo ndivyo alivyofundishwa kuzipima, kwa shavu, maana mkono uliozoea chuma cha moto ni mwongo. Ilikuwa ya baridi. Si baridi ya asubuhi, baridi ya maji, kama shati uliloliondoa kambani mapema. Akaigusisha tena shavu la pili. Vile vile.

"Yarabi," alisema peke yake. "Ni mimi."

Kwa matangazo na kalenda ukavu ule ulitosha. Kwa punje za ufuta haukutosha hata kidogo. Basi akafunga mlango, akaanza kutengeneza kalibu upya kuanzia mwanzo. Gundi akaipunguza unga, akaichuja kwa kitambaa mpaka ikawa laini kama maziwa. Upande unaogusa herufi akaweka karatasi nyembamba zaidi aliyokuwa akiitunza kwa kazi za heshima. Akakausha mpaka kalibu ikalia ikigongwa kwa kucha, kisha akaipaka poda kidogo ili risasi isiing'ang'anie. Ilikuwa kalibu nzuri, nzuri kupita zote alizowahi kutengeneza, na alitaka kumwita mumewe aione. Lakini angemwambiaje? "Njoo uone, ulisema kweli, karatasi zangu zina jasho"? Baada ya maneno yote yale? Afadhali ameze brashi. Bamba likitoka safi, mwenye kiwanda atanyamaza, mume atabaki kazini, na yeye atabaki na heshima yake.

Akaisukuma dirishani bila neno. Wakati mkono wa mumewe unaipokea, alihisi kuna kitu kimepungua upande ule. Kila asubuhi, miaka yote, mumewe alichovya kipande cha karatasi kwenye risasi iliyoyeyuka kupima moto, na harufu ya karatasi iliyoungua ilipita dirishani ikamfanya apige chafya. Leo hakupiga chafya. "Amenuna mpaka hapimi moto," alijiambia, akarudi kwenye brashi zake.

Bamba likatoka. Shemeji akaja na karatasi ya majaribio, safari hii akitembea polepole.

"Shemeji, nina habari mbili. Chunusi zimepona zote."

"Alhamdulillahi!"

"Na meno yameng'oka yote."

Kweli. Hakukuwa na kishimo hata kimoja. Lakini herufi zote zilikuwa za mviringo mviringo, kingo zimelika, vijimkia havipo, kama kinywa cha bibi kibogoyo anayekula embe. Risasi ilikuwa imeganda kabla haijafika kwenye pembe za herufi.

Mama Kalibu akaiangalia karatasi mpaka macho yakamwuma. Nimezidisha, aliwaza. Nimekausha mno, na ile poda imeziba vijimkia. Kazi yangu yote ya akili nyingi, kumbe akili ni nywele, na mimi nina upara. Basi Jumatano akarudi nyuma. Akaacha poda. Akapunguza kukausha, akajisemea afadhali chunusi mbili tatu kuliko kinywa kitupu. Akaisukuma kalibu dirishani, na safari hii alipiga chafya, tena chafya tatu mfululizo, maana upande wa pili karatasi haikuungua tu, iliwaka.

Hakupata nafasi ya kulifikiria hilo. Alisikia sauti kama mafuta yaliyomwagikiwa maji, kisha chuma kikaanguka sakafuni, kisha mumewe akapiga ukelele.

Mtu wa umri wake hapiti dirishani, na ndiyo maana alizunguka kwa mlangoni, lakini ukimwuliza leo atakwambia hakumbuki korido. Alimkuta mumewe amesimama mbali na sanduku la chuma, ameushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto. Risasi ilikuwa imetema. Ilipoingia kwenye kalibu yenye unyevu ilirudi juu kwa hasira, ikatapakaa ukutani, na tone moja likampata juu kidogo ya kifundo cha mkono, pale glavu inapoishia.

"Ni kidogo," alisema mume. Uso ulikuwa wa majivu. "Ni moto tu. Mimi na moto ni ndugu."

"Nyamaza! Leta hapa!"

Akamburuta mpaka bombani, akamfungulia maji ya baridi juu ya mkono, akakaa ameushikilia hapo wakati watu wote wamejaa mlangoni na mashine ya kuchapa imezimwa. Alama yake haikuzidi kucha ya kidole gumba. Lakini machozi yalikuwa yanamtiririka Mama Kalibu waziwazi mbele za watu. Yeye ndiye aliyeipunguza kukausha ile kalibu. Yeye ndiye aliyemchoma, na alikuwa amemchoma kwa siri.

"Wewe kulia ni kwa nini sasa?" mumewe alimnong'oneza. "Nilie mimi mwenye jeraha."

Mama Kalibu alimfunga kitambaa safi, akamkalisha kwenye benchi, akaelekea moja kwa moja chumba cha mwenye kiwanda. Hakubisha hodi hata kidogo.

"Ni mimi," alisema. "Kosa liko upande wangu. Lete fundi mwingine wa kalibu, mimi nakwenda nyumbani. Mume wangu asiguswe."

Mwenye kiwanda alikuwa akitafuta miwani yake. Alipoikuta kwenye paji la uso aliishusha, akamtazama, kisha akafanya jambo ambalo halikutarajiwa hata kidogo. Akacheka.

"Mama Kalibu, umechelewa," alisema. "Nafasi ya mwenye kosa imekwisha kuchukuliwa. Mumeo alikuwa hapa asubuhi na mapema, kabla hata sijavua koti. Kaniambia kosa ni la moto wake, nimlete fundi mwingine wa kumimina, na mkewe asiguswe. Amesema hivyo hivyo kama ulivyosema wewe. Mmeambizana?"

"Hatujasemezana tangu Jumatatu!"

"Ndicho kinachonishangaza. Nimetafuta mkosaji mmoja nimepata wawili. Nifanye nini mimi na wakosaji wawili?"

Mama Kalibu akarudi benchini, mwenye kiwanda nyuma yake. Akasimama mbele ya mumewe na mikono kiunoni.

"Wewe ulikwenda kusema nini kwa bosi?"

Mume akatazama kitambaa chake. "Nilisema kweli."

"Kweli gani?"

"Kwamba moto wangu ulikuwa mkali. Ulisema mwenyewe, si ulisema? Nikaona kweli. Nilizoea herufi kubwa, zinavumilia. Basi Jumanne nikaupunguza. Karatasi niliyochovya haikubadilika hata rangi. Nilitaka likitoka safi mambo yaishe, wewe ubaki kazini. Likatoka kibogoyo. Nikajua nimepunguza mno, basi leo nimechochea ..."

"Jumanne?" Mama Kalibu akakaa chini, palepale sakafuni. "Jumanne ndiyo siku niliyokausha kalibu mpaka ikalia! Na leo nimeiacha mbichi!"

Watu wote pale mlangoni waliifanya ile hesabu vichwani mwao, na ungewaona wanaimaliza mmoja mmoja. Kalibu kavu na moto mdogo, vibogoyo. Kalibu mbichi na moto mkubwa, balaa. Wameondoka wote, wamerudi wote, na kila mmoja akidhani yuko njiani peke yake.

"Basi ni mimi," alisema mume. "Ningeuacha moto ulivyokuwa, kalibu yako ya Jumanne ingetoa bamba safi."

"Ni mimi. Ningekwambia nimeikausha."

"Nani amekwambia ni wewe? Moto ni wangu!"

"Na kalibu ni yangu! Usinipokonye kosa langu!"

"Jamani," shemeji akapaza sauti, "Jumatatu mligombana kwa kulikataa, leo mnaligombania. Ligaweni nusu kwa nusu tukale."

Hata mwenye kiwanda akacheka. Lakini baada ya kicheko akatazama saa yake, akakuna kichwa, akasema kwa upole kwamba Ijumaa iko palepale na hana bamba hata moja la kumwonyesha yule mama. Hapo kicheko kikakatika.

Alhamisi Mama Kalibu alifanya jambo ambalo halikuwahi kufanyika tangu ukuta ule ujengwe. Kalibu yake ilipokwisha kukauka, ikalia kwa kucha, akaipaka poda, hakuipitisha dirishani. Aliibeba mwenyewe kifuani, akazunguka koridoni, akaingia nayo kwenye chumba cha moshi. Mumewe alikuwa amekwisha kumwekea kigoda.

"Umeipoza njiani," alisema mume.

"Si njia yako ilivyo ndefu?"

"Hapana, sikiliza. Nasema umeipoza, na mimi humimina risasi ya moto kwenye kitu kilichopoa. Siku zote. Hata pale dirishani inakaa inapigwa na upepo kabla sijaishika." Akafuta jasho kwa mkono mzima. "Tuiweke hapa kwanza, pembeni ya jiko. Na sanduku lenyewe tulipashe."

Wakaiweka pembeni ya jiko, sanduku la chuma nalo likipata moto. Mama Kalibu akawa anaigusisha kalibu shavuni kila mara. "Bado," alisema. "Bado. Inavuta jasho la mwisho. Bado ... Sasa." Mume naye akachovya kipande cha karatasi kwenye risasi. Kikatoka na rangi ya chai. Akaacha kidogo, akachovya kingine, kikatoka na rangi ya mkate uliookwa vizuri, na mkewe akapiga chafya.

"Hapo hapo," alisema Mama Kalibu. "Chafya hiyo ndiyo yenyewe. Mimina."

Kwa sababu ya jeraha mume hakuweza kuinua upawa peke yake. Wakaushika wote wawili, mkono wake juu, wa mkewe chini, na risasi ikashuka polepole bila kufoka wala kusita. Halafu wakangoja. Wakati wa kungoja ndipo Mama Kalibu alipouliza, bila kumtazama, kwa nini alikuwa tayari kuiacha kazi kwa ajili yake.

"Ningefanyaje?" alisema mume. "Wewe ukae nyumbani na mama yangu kutwa nzima? Nyinyi wawili chini ya paa moja, tangu asubuhi? Nyumba ingepasuka."

Mama Kalibu alicheka mpaka akashika ukuta wenye masizi, na kiganja kikatoka cheusi. Mume alicheka pia, kisha akaacha.

"Na pia," alisema, "ningesikia nini dirishani? Fundi mgeni angeniambia nini mimi?"

Mkewe akajipangusa macho kwa kiganja kile kile cheusi.

Sanduku likafunguliwa, bamba likatoka. Shemeji ndiye aliyelichapa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuja na karatasi ya majaribio bila mzaha. Aliiweka tu mezani. Paka alikuwa na mkia wake. Mbuzi alikuwa na kichwa, kuku alikuwa na miguu yote miwili, na kila nukta na kila mkato ulikaa mahali pake.

Ijumaa yule mama mrefu alivaa miwani ya kamba, akainamia bamba lenyewe, si karatasi, akalipitishia kidole kutoka juu mpaka chini. Watu walibana pumzi.

"Safi," alisema. "Nataka zote ziwe hivi." Kisha akaondoka zake.

Mwenye kiwanda alijifuta paji la uso na miwani ikaanguka. Siku ileile alitaka kuleta waashi waubomoe ukuta. Akasema mafundi wake wakae chumba kimoja ili yasijirudie, maana yeye moyo wake ni mmoja. Ajabu ni kwamba wenyewe ndio waliokataa. Mume alisema moshi utachafua karatasi. Mke alisema unga utaingia kwenye risasi. Waliafikiana tu chuma cha kukaushia kihamishwe kiwekwe chini ya kidirisha, na rafu ya chuma ijengwe juu ya jiko upande wa pili, ili kalibu itoke kwenye joto na kuingia kwenye joto bila kupigwa na upepo. Shemeji alisema hao hawajali moshi wala unga, wanataka dirisha lao. Akaambiwa akaangalie mashine yake.

Jumatatu iliyofuata kazi ya kamusi ikaanza kwa nguvu zote. Mpangaji alimaliza ukurasa, brashi ikapiga pa! pa! pa!, kalibu ikakauka mpaka ikalia. Mama Kalibu akaiweka kwenye sinia, akaisukuma dirishani.

"Usinichomee mwanangu," alisema.

Akangoja jibu. Halikuja lile la siku zote.

"Ana joto kiasi gani?" sauti ikauliza.

Katika miaka yote ile lilikuwa swali ambalo mumewe hajawahi kumwuliza. Mama Kalibu akalirudisha sinia kifuani.

"Njoo uguse mwenyewe," alisema.

Mkono ukapenya dirishani, wenye masizi, umefungwa kitambaa kifundoni, kiganja kikitazama juu kikingoja kalibu. Mama Kalibu akaliweka sinia kando. Akainama, akalilaza shavu lake kwenye kile kiganja, na mkono ule ukatulia palepale.

"Enhe," sauti ya upande wa pili ilisema. "Hili limekauka vizuri."

"Shemeji!" ilisikika kutoka koridoni. "Kaka! Mashine inangoja bamba!"

"Ingoje," wakasema wote wawili.